Tumalize Kwanza Ile ya Zamani



Mara iliyopita tuliandika hapa juu ya ndoo za internati na watu wengine walikasirika. Leo tunaleta neno la upole zaidi, lakini linatugusa wote, hata wale wanaosema hawajui kushika sindano. Ni juu ya kazi za kushona ambazo tulizianza nyumbani na hazikuisha. Zaidi sana tunasema juu ya zile kuvreli za vipande, kwa sababu karibu kila musichana wa shule hii amekwisha kuanza moja, na wavulana wawili watatu pia, ambao hatutawataja majina.

Munazijua. Unaomba vipande vya vikwembe kwa fundi wa kushona, vile vinavyoanguka chini ya mashini yake, unavikata sawasawa, unaviunganisha kimoja na kingine mpaka vitoshe kitanda. Chini unaweka blanketi iliyochakaa, chini yake tena shuka, halafu unapitisha uzi katika vyote vitatu ili kitu cha ndani kisihame. Mwisho unashona ukanda pembeni. Ni kazi ya mutu asiye na feza lakini mwenye uvumilivu. Huku kwetu milimani, Ziwa Kivu lenyewe liko kwenye meta 1460 na nyumba zetu nyingi ziko juu zaidi, basi usiku wa mwezi wa saba kila mutu anajua kama ana kitu cha kujifunika ao hana.

Sasa ingieni katika atelye yetu, mufungue kabati ya nyuma, ile yenye mulango usiofunga vizuri. Sisi tuliifungua mwezi uliopita, kwa sababu ukapita unatupa kazi ya kuhesabu vitu vya shule. Tulikuta mifuko zaidi ya makumi mawili. Kila mufuko una jina na mwaka. Wengine wenye majina hayo walishamaliza shule, wengine walishaolewa, mumoja ni mwalimu sasa. Ndani ya kila mufuko muna kazi iliyoanzwa vizuri sana. Rangi zimechaguliwa na mistari ya kwanza ni minyofu kabisa. Halafu inasimama. Katika mufuko mumoja panya walikuwa wamezaa.

Tulitaka kuandika palepale makala ya kugombeza uvivu. Hata mistari ya kwanza tulikuwa tumeishaiandika. Lakini likizo ya Noeli ilifika, tukaenda nyumbani, na mambo tuliyoyaona huko yalitufunga kinywa. Tunawaelezea, hata kama haya ni aibu kwa kapita.

Koko wetu, mama ya mama, alianza kuvreli mwaka wa 2015. Yaya wetu alikuwa amechumbiwa, na koko alitaka amupe kitu cha kupeleka kwa bwana wake. Sisi tulikuwa watoto bado. Kazi yetu ilikuwa kwenda kwa fundi kuomba vipande, na kuvipanga chini kwa rangi, vyekundu huku, vya buluu huku. Koko alipima kitanda, akasema vipande kumi na vinne kwa upana na makumi mawili kwa urefu. Kila kipande alikikata sentimeta 12, na kila upande sentimeta moja iliingia katika mushono, basi zikabaki 10. Mujifanyie hesabu: kuvreli ya sentimeta 140 kwa 200, vipande 280. Koko hakusoma shule hata mwaka mumoja, lakini hesabu hiyo aliifanya kwa vidole na kwa kamba yenye mafundo, na hakukosea.

Yaya aliolewa mwaka wa 2016, akaenda Uvira bila kuvreli. Koko alisema itamufuata. Haikumufuata. Baadaye macho ya koko yakaanza kufunga, akashindwa kupitisha uzi katika tundu la sindano. Akatuita, akatupa mufuko, akasema: “Weye una macho. Unimalizie.” Tukasema ndiyo, koko. Tukaweka mufuko ndani ya sanduku, chini ya nguo za Sunday. Hapo ukalala.

Kila likizo koko aliuliza: “Ile kuvreli ilishaisha?” Likizo ya kwanza tulisema bado kidogo. Ya pili tulisema bado kidogo. Ya tatu haya zilitushika, tukasema: “Ilishaisha, koko. Iko kwa yaya, Uvira.” Ni uongo. Tuliusema kwa sauti ya heshima kabisa, na koko alifurahi, akatubariki. Tangu siku ile hatukuweza tena kugusa mufuko ule. Kama tukishona, mutu ataona tunashona kitu ambacho kilishaisha. Tazama sasa mutego ambao mutu anajitegea mwenyewe.

Noeli iliyopita yaya alikuja na watoto. Jioni tuko karibu na moto, koko akamuuliza: “Unafunikaka ile kuvreli yangu?” Yaya akasema: “Kuvreli gani, koko?” Tulitamani ardhi ipasuke. Mama alitutazama. Koko hakusema neno. Siku mbili hakutuita kwa jina. Siku ya tatu, asubuhi, alikuwa amekaa kwenye kitanda chake, akasema: “Leta ule mufuko niushike.”

Tuliuleta. Akatoa kitambaa, akakitandika juu ya magoti, akaanza kutembeza vidole, mustari kwa mustari, kama mutu anayehesabu mbegu. Mistari kumi na minne ilikuwa kamili. Wa kumi na tano ulikuwa na vipande vitano tu, na sindano yake ilikuwa bado imechomwa pale, imeota kutu. Kidole kikaifikia. Akasema: “Niliiachia hapa.” Halafu akatueleza kitu ambacho hakuna mutu aliyekuwa amemuuliza kwa miaka yote hiyo, kwa nini aliiachia pale.

Hayakuwa macho. Macho yalikuja nyuma. Kumbe koko alikuwa anapanga rangi kwa zamu, kipande cha rangi yoyote, halafu kipande cha buluu, na ile buluu ilikuwa ya kikwembe kimoja tu, chenye ndege wadogo. Kwenye mustari wa kumi na tano kikwembe kile kiliisha. Akatuma watu sokoni watafute kingine cha namna ile, wakarudi mikono mitupu, kwani michoro ya vikwembe inabadilika kila wakati na ile haikuonekana tena. Akangoja. Alifikiri siku moja kitaonekana.

Ndugu zetu, tulikaa tukapiga hesabu. Ilibaki mistari mitano na kipande cha wa sita, maana yake vipande 79. Mutu anayejua kidogo tu anamaliza mustari mumoja kwa mangaribi moja. Kwa hiyo kazi iliyolala karibu miaka kumi ilihitaji mangaribi sita. Na ilihitaji mutu wa kumuambia koko: weka buluu ingine, haizuru.

Njo maana tuliipasua ile makala ya uvivu. Koko hakuwa muvivu, alikuwa analima mpaka juzi. Sisi wenyewe tuna makosa mengi, lakini uvivu siyo jina lake. Tunaamini sasa kwamba kazi ya kushona haisimami tu juu ya kukosa wakati, kama tunavyosema wote. Inasimama mahali fulani, juu ya kitu fulani kidogo. Uzi wa rangi ile umekwisha. Makasi yalikuwa ya kuazima, mwenyewe akayachukua. Mistari miwili haikutani pembeni, inapishana kwa nusu sentimeta, na mutu anaona haya kuonyesha mwalimu. Ao alisema uongo, kama sisi. Ile nusu sentimeta inakuwa mulima, kwa sababu mufuko umefungwa na hakuna anayetazama tena mulima wenyewe una urefu gani.

Tuliporudi shuleni tulifungua tena kabati ya atelye, safari hii kwa macho mengine. Tulitafuta katika kila mufuko mahali sindano iliposimama. Muende mujionee. Mifuko mingi imesimama mahali pamoja: juu imekwisha kuunganishwa, lakini haijawekwa blanketi na shuka. Sababu iko wazi. Kuunganisha vipande unafanya popote, hata chini ya muti wa avoka ukipiga masimulizi na wenzako. Lakini kutandika vitu vitatu pamoja kunahitaji sakafu kubwa, safi, na mikono minne ya kuvuta pembe. Ukiwa peke yako upande mumoja unajikunja wakati unanyoosha mwingine. Musichana anajaribu mara moja, inatoka na mikunjo, anafungua, anaweka ndani ya mufuko, anaanza ingine yenye rangi nzuri zaidi.

Na hapa, walimu wetu, mutusamehe, tutasema neno kwa heshima. Sisi wanafunzi tunajifunza kuanza, kwa sababu kuanza kunapewa pointi. Mwanzoni tunaleta muchoro, tunapata pointi. Tunaleta vipande vilivyokatwa sawa, tunapata pointi. Tunaleta mustari mumoja wa mufano, pointi. Halafu somo linapita kwenye kola na mikono ya libaya, na hakuna anayeuliza tena ile kuvreli ilienda wapi. Tunajua programu iko ndefu na miezi iko mifupi. Tunaomba jambo moja tu: mutu asipewe kuanza kazi kubwa ya pili kama ya kwanza haijatolewa kwenye mufuko ikaonyeshwa. Ionyeshwe hata kama iko na makosa. Tulimuuliza mwalimu mumoja, akacheka, akasema basi hakuna atakayeanza kitu. Labda. Sisi tunafikiri wataanza vitu vidogo, vya kitanda cha mutoto, vipande 70 ao 80, na hilo siyo jambo baya.

Wavulana wamekwisha kugeuza ukurasa wanasema haya ni mambo ya wasichana. Murudi. Muende sokoni, muhesabu mafundi waliokaa nyuma ya mashini, muone kama wengi siyo wanaume. Tena muulize watu wa Kasai. Kule, kati ya muto Kasai na muto Sankuru, Wakuba wanafuma vitambaa vya rafia. Kufuma ni kazi ya wanaume. Wanawake njo wanapamba kwa sindano ile inayoitwa mahameli ya Kasai, uzi unakatwa mufupi mufupi mpaka kitambaa kinakuwa laini kama manyoya. Na katika nguo za sikukuu, zile za kuzungusha kiunoni, za wanawake zinashonwa na wanawake, na za wanaume zinashonwa na wanaume. Hakuna anayecheka.

Tunawataja Wakuba kwa sababu ingine pia. Nguo ya sikukuu ya mwanamuke kwao inaweza kupita meta sita kwa urefu. Haitoki kwenye mukono mumoja. Vipande vinafanywa na watu mbalimbali wa jamaa, kila mutu kwa wakati wake, halafu vinaunganishwa. Unaona kipande kimoja kina muchoro mukubwa, jirani yake muchoro mudogo, na pahali pengine muchoro unageuka bila kuaga. Hata viraka vina historia yake. Rafia ikitoka kufumwa iko ngumu, inatwangwa ili ilainike, na katika kutwanga inatoboka. Wataalamu wanaeleza kwamba viraka vilianza hivyo, kwa kuziba matundu, halafu watu wakavipenda, wakaanza kuvishona hata pahali pasipo tundu. Mumisionere Mupresbiteri William Sheppard, Mumarekani mweusi, ambaye pamoja na Samuel Lapsley alianzisha misioni ya Luebo mwaka wa 1891, alifika Mushenge kwa mufalme wa Wakuba mwaka wa 1892. Vitambaa alivyokusanya kule vinatunzwa mpaka leo Hampton, Virginia, kwenye shule aliyosomea. Watu wanapanda ndege kwenda kutazama vitambaa ambavyo rangi zake hazifanani na mikono iliyovishona haifanani.

Sasa koko wetu alingoja karibu miaka kumi juu ya ndege wadogo wa buluu. Hatumucheki. Alifundishwa kushona katika foyer social wakati wa usichana wake, na pale kitu kisichofanana kilifunguliwa mbele ya wote. Yeye mwenyewe alituambia. Alikuwa anaogopa aibu ambayo waliomufundisha walishaisahau.

Tuliendelea namna hii. Mangaribi sita za kwanza tulishona vipande 79 kwa buluu tatu mbalimbali, moja ya libaya ya zamani ya mama. Doa la kutu lililoachwa na sindano tulilipaka maji ya ndimu na chumvi, tukaanika kwa jua. Halikuisha lote lakini lilipauka. (Tafazali, mukijaribu, mujaribu kwanza kwenye pembe isiyoonekana, kwani ndimu inaweza kula rangi. Na musiache kamwe sindano ndani ya kitambaa. Mutu akichukua neno moja tu katika makala hii, achukue hilo.) Vipande vipya vya kikwembe tuliviosha kabla ya kukata. Kikwembe kipya kina wanga na kinarudi kidogo kwenye maji, kile cha zamani kilisharudi. Ukiviunganisha bila kuosha, siku ya kwanza ya kufua kuvreli yote inakunja uso.

Siku tano zilizofuata tulitoa viti vyote nje, tukasafisha sakafu, tukatandika shuka, blanketi na vipande. Mama alishika pembe mbili, mudogo wetu mwenye miaka kumi akashika mbili. Tulianza katikati tukaenda pembeni, kwa uzi murefu wa kushikiza, halafu uzi wenyewe. Yaya alikuwa anapita pembeni na mutoto mugongoni, anacheka, anasema hii kuvreli ni ya nani, mbona haulizwi? Siku mbili za mwisho zilikuwa za ukanda. Pembe zote nne kwa pamoja ni sentimeta 680, basi tulikata kanda saba katika upana wa kikwembe, tukaziunganisha. Usiku wa mwisho tulishona kwa taa ya sola, na vidole vilikuwa na matundu.

Jumla siku kumi na tatu. Hatutaki mufikiri kwamba siku hizo zilikuwa tamu. Zile za katikati, za kupitisha uzi, ni za kuchosha kabisa, na mugongo ulituuma mpaka tukasali tukiwa tumelala. Mutu anayesema kumaliza kunaleta furaha kila dakika hajamaliza kitu.

Asubuhi tulimupelekea koko. Akaishika. Vidole vikaanza juu tena, vikatelemuka. Mustari wa kumi na tano vikasimama. Akarudi nyuma kipande kimoja, akaendelea mpaka mwisho.

“Huyu anashonaka mbio,” akasema.

“Ni sisi, koko.”

“Najua ni weye. Mama yako anashonaka polepole.”

Halafu akauliza Uvira kama kungali joto. Yaya akasema joto ni jingi, usiku wanalala na shuka moja, na hata hiyo wanaitupa. Koko akakunja kuvreli mara mbili, akaiweka nyuma yake, juu ya kitanda chake. Akasema: “Basi hii ibaki huku kwenye baridi. Ya yaya yako muanze ingine.”

Wenzetu wa mwaka wa mwisho watasema: kapita, sisi tuko na mutihani wa Serikali, unatuletea sindano. Tunajua. Sisi pia tutaandika mutihani huohuo, na usiku tunaota hesabu. Hatusemi mutu aache kitabu. Tunasema mangaribi moja kwa juma, ile ambayo sasa inaisha kwenye simu za kuazima na masimulizi ya internati. Na wewe unayemaliza shule mwaka huu, kumbuka kama jina lako liko kwenye mufuko wa kabati ile. Mwaka ujao haupo tena hapa, na panya watabaki.

Wengine watasema blanketi za soko ziko, za manyoya, zenye picha ya simba, na za mitumba pia. Ni kweli, na zinapasha joto. Mwenye feza anunue, hatuna neno. Lakini vipande ulivyokwisha kukata haviwezi kurudi kuwa kikwembe. Vitafanya nini ndani ya mufuko?

Wala hatusemi kila kitu kimalizwe. Hapo hatukubaliani na mwalimu mumoja tunayemuheshimu sana, ambaye anasema kila kilichoanzwa lazima kifike mwisho. Sisi tuko na kitambaa cha kiti tulichoanza kupamba tukiwa na miaka kumi na miwili, chenye ndege anayefanana na kiatu. Ndege yule tulimufungua uzi wote likizo ileile, na uzi wake ulisaidia kushikiza kuvreli ya koko. Kazi ingine haiko yako tena, wewe ulishabadilika, basi umupe mutu anayeitamani, pamoja na vipande vyake vyote, bila kumuambia amalize namna yako. Ingine ifunguliwe, uzi uviringwe. Hata kufungua ni kuitoa ndani ya sanduku. Kitu kimoja tu tunakataa, ni kusema “bado kidogo” likizo tatu mufululizo juu ya kitu ambacho hujakifungua kuona kimebakiza nini.

Zaidi ya yote, tazama kama kuna mutu anayengoja. Katika kabati tulikuta mufuko ambao juu yake imeandikwa, kwa kalamu nyekundu, “ya mama”. Hatutaandika jina. Mwenye mufuko anasoma gazeti hili, na tunafikiri mama yake hajui kama iko hapa.

Bwana Prefe amekubali. Jumamosi hii, nyuma ya salongo, toka saa nane mpaka saa kumi na moja, atelye itafunguliwa, na meza zitatolewa ili sakafu iwe wazi kwa kutandika. Kila mutu atapata mikono ya kumushikia pembe, na yeye atamushikia mwenzake. Mulete mifuko yenu namna ilivyo, bila kuifua kwanza ao kuficha makosa. Kama umekwama, useme umekwama wapi. Mama mumoja wa kikundi cha kushona cha kanisa amekubali kuja kutazama pembe zisizokutana, na anasema nusu sentimeta anaijua dawa yake.

Makasi ya shule iko moja tu inayokata, mwenye ingine ailete. Uzi mweusi uko mwingi, mweupe umekwisha.

Sisi tutakuja na ile tuliyoianza tukiwa wadogo hapa shuleni, kabla ya mambo ya koko. Iko kwenye mustari wa tano. Ya yaya itangoja.